Bibie Alikuwa Anazima Mashine

Jumatatu, 4 Machi

Zoezi jipya kliniki. La ajabu! Kila mwanafunzi wa uzamili atoke nje, aende mahali asipojulikana, azungumze na mtu kwa kigugumizi cha kujitia. Lengo ni kuonja kidogo yale yanayowapata wateja wetu kila siku. Ukimaliza, papo hapo umwambie yule mtu ukweli na umshukuru. Bibi Kioo alirudia hilo la ukweli mara mbili, akinitazama mimi. Sijui kwa nini mimi.

Bibi Kioo ni msimamizi wetu. Jina nimempa mwenyewe. Hukaa nyuma ya kile kioo cha chumba cha tiba: yeye anatuona, sisi tunaona nyuso zetu tu. Haruhusu tuseme "mgonjwa". Tuseme "mteja". Mimi kwa sasa sina wa jina lolote. Mteja wangu, mwalimu mstaafu aliyepata kiharusi na kupotewa na maneno, aliomba abadilishiwe mwanafunzi. Alitumia kipindi kizima kulitoa ombi lenyewe, lakini lilieleweka vizuri: huyu anaongea kuliko mimi. Wakampa Pasi.

Pasi ni mwenzangu darasani. Mashati yake yamenyooka kiasi kwamba ukikaa naye karibu unajisikia hujaoga. Anajua kwamba asiye na mteja hafaulu mafunzo ya vitendo, na asiyefaulu anarudia mwaka. Kwa hiyo ananihurumia hadharani.

Naandika humu kwa sababu humu hakuna wa kunikatiza: niliomba kozi hii ya tiba ya usemi nikidhani ni shahada ya kusema. Nani anaweza kusema kunishinda? Nyumbani naitwa Redio. Kumbe ni shahada ya kunyamaza.

Jumanne, 5 Machi

Nimefanya zoezi. Mahali: duka la fotokopi nyuma ya maktaba. Foleni ndefu, joto, mashine inanguruma. Niliandaa sentensi nyepesi: naomba nakala ya sura hii. Sura yenyewe ni ya misuli ya koo. Zamu yangu ikafika, nikaanza: "Na-na-na-na..." Nyuma yangu mtu akasonya. Safi, nikasema moyoni, hayo ndiyo ya kuandikia ripoti.

Mwenye duka akanyoosha mkono, akazima mashine.

Duka zima kimya. Akaweka chini karatasi alizoshika, akaegemea kaunta, akanitazama. Si kwa huruma. Wala si kwa kuvumilia. Alinitazama tu kama mtu aliyeuliza jambo na anataka jibu lake. Sentensi ile ilichukua muda wa kuchemsha chai. Hakunisaidia hata neno moja. Hakutikisa kichwa kunihimiza. Nilipofika mwisho akauliza kama nataka upande mmoja au pande zote mbili.

Nikamwonyesha vidole viwili, akanitolea. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema ukweli. Nikafungua mdomo. "A-a-ahsante," nikasema, nikatoka mbio, nakala zangu nikaziacha kaunta. Ikabidi nirudi. Alikuwa ameshazitia kwenye bahasha.

Nimetembea hadi nyumbani nimeikumbatia bahasha ile. Mtu mzima mimi, nina ndevu, na sijawahi kusubiriwa namna ile. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akinisikiliza, lakini hata yeye alikuwa akinisikiliza huku anafua.

Jioni nikajaribu kumsimulia Dada, maana ninakaa kwake, chumba cha uani. Kabla hadithi haijafika mlangoni pa duka akaniuliza kama nimekumbuka kununua sabuni. Shemeji akaongeza sauti ya runinga. Sikununua sabuni.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya kueleza zoezi darasani. Pasi alikwenda posta. Alisimulia huku sauti inatetemeka, akasema amekuwa mtu mwingine. Bibi Kioo akampa leso. Leso yenyewe akairudisha imekunjwa pembe nne.

Zamu yangu nikasema nilikwenda kwa muuza duka fulani. Bibi Kioo akauliza nilijisikiaje. Nikasema: nilisikilizwa. Nikanyamaza, kwa kuwa sikuwa na zaidi. Bibi Kioo akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeona kuku akisoma gazeti. Akauliza kama nilimwambia ukweli yule mtu. Nikasema ndiyo, bila shaka, alifurahi sana.

Basi ikanibidi niugeuze uongo huo uwe kweli. Mpango: kwenda dukani mara moja tu, kusema ukweli, kuondoka. Nilikwenda saa ya chakula cha mchana, foleni ikiwa imeisha. Aliponiona tu, mkono wake ukaenda kwenye swichi. Kabla sijasema chochote!

Ningefanya nini? Nikamweleza, kwa kigugumizi, habari za Mama: jinsi alivyokuwa akifua huku anacheka hadithi zangu mpaka maji yakammwagikia miguuni. Kwa mwendo wangu wa kawaida hadithi hiyo huisha kabla mtu hajaweka kikombe mezani, na huwa nimeongeza jirani, mbwa na mvua. Leo niliacha jirani, mbwa na mvua. Nikabaki na Mama na maji. Bibie akacheka mahali penyewe hasa.

Namwita Bibie kwa sababu jina lake silijui, na kwa hali yangu kuuliza jina ni safari. Anadhani nasomea udaktari. Sikumwambia hivyo. Aliona ile sura ya misuli ya koo akajumlisha mwenyewe.

Nyuma ya duka yupo kaka yake, anayetoboa karatasi na kuzifunga kwa waya ziwe vitabu. Mtu mkubwa, kimya kabisa. Nilimdhania mkali. Leo aliinua kichwa kunitazama, akasahau mkono wa mashine ya kutobolea uko juu.

Jumamosi, 9 Machi

Mimi na duka tena. Nina nakala za sura ya misuli ya koo za kutosha darasa zima.

Bibie alitoka kupokea mzigo wa karatasi. Kaka Mtu akaja kutoka nyuma, akifuta mikono kwenye suruali. Akasimama mbele yangu. Akaanza kusema, na mara moja nikajua. Chake ni cha kweli. Kifua kilikaza, macho yakafumba, shingo ikasimama, na sauti haikutoka kabisa, kisha ikatoka yote kwa pamoja. Changu mimi, nikilinganisha, ni mapambo.

Alisema naye yuko hivyo. Alisema wateja wote huhudumiwa na dada yake, yeye hana haja nao, kwa sababu wanamcheka au wanammalizia, na wanaommalizia ni wabaya kuliko wanaomcheka. Alisema amenisikia siku zote hizi nikisema na dada yake kaunta, mbele ya foleni, bila aibu. Hayo yote aliyasema kidogo kidogo, na ilikuwa kazi nzito. Nilisubiri. Nilikuwa nimepigwa na butwaa, ndiyo maana niliweza.

Halafu akaniuliza nimepata wapi moyo huo.

Ilikuwa nafasi ya kusema. Ilikuwa nafasi kubwa kuliko zote. "Si-si-sijui," nikamwambia. Akanishika bega. Nikatamani sakafu ifunguke.

Jumapili, 10 Machi

Nimeamua kigugumizi changu kiwe na heshima yake. Kama ni uongo basi uwe uongo uliosomewa. Asubuhi nzima mbele ya kioo cha kabati, na vitabu vya kozi kitandani, nikijaribu sauti moja moja. Nimegundua kwamba wiki yote nimekuwa nikikwama kwenye N, A na S tu. Bibie si mjinga. Kuanzia kesho nitakwama pia kwenye K na B.

Shemeji alipita uani akasikia. Akaenda kumwambia Dada kwamba masomo yamenishinda, nimeanza kusema na kabati. Dada akaja na kikombe cha chai. Akakaa kitandani. Akanyamaza! Dada yangu, kimya, kwangu, kwa muda wa kutosha mtu kuanza jambo. Nikavuta pumzi nimweleze yote: duka, mashine, mkono wake unavyokwenda kwenye swichi, navyoamka nikiufikiria. Nikasema, "Dada, kuna mtu..." Akasema anajua, hata kazini kwao kuna mtu aliyeanza hivyohivyo, alikuwa anasoma uzamili, sasa anafuga sungura. Tukamzungumzia mtu wa sungura hadi chai ikapoa.

Jumatatu, 11 Machi

Habari kubwa! Mteja mpya! Mama wa mapokezi alininong'oneza mlangoni. Mwanamume, mtu mzima, kigugumizi, ameombewa nafasi kwa simu na rafiki. Mwenyewe ana haya, kwa hiyo jina atatoa akifika. Alhamisi saa nne.

Pasi anamtaka. Ana mteja tayari, yule mwalimu wangu mstaafu, lakini anataka wa pili kwa ajili ya tasnifu. Ana mtu, anataka watu! Mimi sina hata kivuli cha mteja. Nikakaa chini nikapanga.

Mpango: kumpigia simu mwalimu mstaafu, kumwomba ahamishie kipindi chake Alhamisi saa nne ileile. Pasi atakuwa chumba cha pili na mwalimu, na mteja mpya ataangukia mikononi mwangu. Mwalimu alikubali kwa sharti moja, nalo lilichukua muda kutoka: nisiseme neno lolote hadi akate simu. Nilisikiliza pumzi yake na saa yake ya ukutani. Naamini alifanya makusudi.

Jioni Bibi Kioo amebandika majina mlangoni. Mteja mpya ni wangu. Wangu! Nikampita Pasi kwenye ngazi nikamwuliza kwa upole kama ana afya njema.

Jumanne, 12 Machi

Nilikwenda dukani nikiwa na furaha ya mtu aliyeokoka. Bibie akazima mashine. Safari hii akafunga na mlango nusu.

Akasema ana jambo, na anaomba nisimchukie. Akasema ameelewa kwa nini nasoma vitabu vya koo kila siku: natafuta dawa yangu peke yangu. Akasema mtu hawezi kujitibu peke yake. Kwa hiyo ameniombea nafasi mahali, kwa wataalamu, juu kule, upande wa pili wa maktaba. Alhamisi. Saa nne.

Nikatabasamu. Nikafikiri: jambo la ajabu, hata mimi nina miadi Alhamisi saa nne.

Halafu kichwa kikaanza kufanya kazi, taratibu, kama lifti ya maktaba. Mwanamume. Mtu mzima. Ana haya. Ameombewa na rafiki.

Nimemnyang'anya Pasi mteja kwa hila na ujanja wangu wote. Na mteja ni mimi!

Bibie aliona uso wangu ukibadilika, akadhani ni hofu. Akasema atanisindikiza. Akasema na kaka yake atakuja pia, na hapo sauti yake ikashuka. Tangu wazazi wao wafariki anamsihi kaka yake aende, na jibu huwa hapana. Aliwahi kuchekwa sana shuleni, na aliyeanza kucheka alikuwa mwalimu wake. Juzi, baada ya kuzungumza na mimi, amesema atakuja kunitazama. Nikiingia nikatoka salama, naye ataingia.

"Sijamsikia akisema 'nitakwenda' mahali popote," Bibie akaniambia. "Amesema kwa ajili yako."

Nimetoka bila nakala. Hata sikuagiza nakala.

Jumatano, 13 Machi

Siku ya kuhangaika.

Kwanza Pasi. Nikamwambia nimefikiria, nimeona yeye anafaa zaidi, achukue mteja mpya kwa roho safi. Akaniambia angependa sana, ila Alhamisi saa nne ana mwalimu mstaafu. Akaniambia pia kwamba mwalimu amemweleza ile simu yote, kwa mdomo wake, na kwamba ilikuwa hadithi yake ndefu ya kwanza tangu alipougua. Bibi Kioo amefurahi mno. Yaani nimemtibu mwalimu, na sifa kapata Pasi.

Kisha Bibi Kioo. Nikamwuliza, kwa mfano tu, mtu akitaka kumwacha mteja kabla hajamwona inakuwaje. Akavua miwani. Akasema mteja wa kigugumizi huwa amesitasita miaka kabla ya kufika mlangoni, na akimkuta mtu aliyemkimbia hatarudi tena. Kesho atakuwa nyuma ya kioo mwenyewe kunitazama. Akavaa miwani.

Basi ni lazima niseme ukweli. Kesho, kwenye benchi, kabla ya saa nne. Nimeshaupanga: ni mfupi, unaingia kwenye pumzi moja.

Kinachoniuma si aibu. Aibu nimezoea, tunaishi pamoja. Kinachoniuma ni kwamba nikishasema vizuri, mbele yake, kwa sauti yangu hii, hatakuwa na sababu ya kuzima mashine. Nitakuwa mtu wa foleni. Namtamani Bibie, ndiyo, naandika wazi. Lakini nautamani zaidi ule ukimya wake, na mimi nikiwa ndani yake.

Alhamisi, 14 Machi

Nitaandika ilivyokuwa.

Nilificha koti la kliniki kwenye mfuko. Bibie na Kaka Mtu walikuwa wameshafika, kwenye benchi la korido. Kaka Mtu amevaa shati jeupe lenye mikunjo ya dukani, halijawahi kuvaliwa. Wakanipa nafasi katikati. Bibie ananukia wino wa mashine. Chumba cha pili nikamsikia Pasi akinyamaza kwa ustadi mbele ya mwalimu.

Nikavuta pumzi yangu ya ukweli. Ile moja.

Kaka Mtu akaniwahi. Akaweka mkono juu ya goti langu akaanza. "U-u-usi..."

Nikasubiri. Najua kusubiri, nimefundishwa! Usimmalizie. Usimhimize. Usitazame saa. Nimewahi kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza sheria hizo, tena kwa sauti kubwa. "Usi... usi..." Shingo imesimama, macho yamefumba. Saa ya ukutani ikasogea. Mwisho wa korido nikasikia viatu vya Bibi Kioo. Nikajua neno. Lilikuwa wazi, lilikuwa palepale, alikuwa ananitia moyo masikini, kwa nini ateseke?

"Usiogope!" nikasema. "Nimekuelewa kaka yangu, wala siogopi, hapa ni kama nyumbani, hakuna sindano hakuna nini, ni mazungumzo tu, na huyo anayekuja ni msimamizi wangu, mkali kidogo ila ana roho nzuri."

Laini kabisa. Kama tangazo la biashara.

Bibi Kioo akafika. Akaniuliza kwa nini sijavaa koti, na mteja wangu yuko wapi.

Bibie alikuwa amenigeukia. Nilikuwa nikiutazama mdomo wake nikingoja atukane. Lakini Kaka Mtu alikuwa bado hajamaliza. Watu wote tulikuwa tumehamia kwenye janga langu, yeye peke yake alikuwa bado yumo ndani ya sentensi yake. Hakuiacha. "Usi-o-o-ondoke," akasema, "n-nikiingia."

Hakuwa ananitia moyo. Alikuwa ananiomba nisimwache.

Akautoa mkono wake gotini kwangu. Akasimama na shati lake la mikunjo, akamwambia Bibi Kioo kwamba mteja ni yeye. Ilichukua muda wake. Bibi Kioo akasimama na kungoja hadi herufi ya mwisho, kisha akamfungulia mlango, akaingia naye mwenyewe. Mlango ukafungwa. Mimi nikabaki upande wa nje.

Tukawa wawili kwenye benchi.

"Nilikuwa nazima mashine," Bibie akasema. "Foleni hadi nje, watu wananisonya, nazima mashine."

Nikamweleza. Nikaeleza zoezi, na Pasi, na mwalimu mstaafu, na jinsi alivyonitazama siku ile ya kwanza, na Dada na sabuni, na Mama na maji, na safari hii nikaweka na jirani na mbwa. Nikasema kila kitu. Nilisema vizuri, kwa mpangilio, sidhani kama nimewahi kusema vizuri vile. Nilipoinua macho, alikuwa anautazama mlango alikoingia kaka yake. Hakuwa na hasira. Alikuwa tu hanisikilizi. Uso huo ninaujua, nimeishi nao maisha yangu yote.

Ijumaa, 15 Machi

Hukumu. Kaka Mtu amekuwa mteja wa kliniki. Alipoulizwa angependa nani, alisema yule mwenye shati lililonyooka. Pasi sasa ana wateja wawili. Alinishika mkono kunipa pole, na mkono wake ulikuwa mkavu, bila jasho, kama alivyo yeye mwenyewe.

Mimi sifukuzwi. Bibi Kioo amesema hadi mwisho wa muhula nitakaa naye nyuma ya kioo, nisikilize, nisiseme. Muhula ukiisha akaona nimejifunza kitu, atanitafutia mteja. Asipoona, nitarudia mwaka.

Nimeanza leo. Chumba chenyewe ni chembamba, giza, viti viwili vya plastiki. Mbele yangu Kaka Mtu na Pasi. Hawanioni. Pasi anasubiri vizuri, mshenzi. Hata masikio yake yamepigwa pasi. Kaka Mtu alisimulia anavyofunga vitabu, anavyopenda karatasi ikiwa bado ina joto la mashine. Alikwama kwenye "joto" nikamnong'onezea kupitia kioo. Bibi Kioo akanipiga kofi mkononi. Alikwama tena, nikanong'oneza tena.

Nikiwa pale gizani nilimwonea wivu. Si Pasi. Kaka Mtu. Alikuwa na watu watatu wazima wanaongoja neno lake.

Jumatatu, 18 Machi

Nilikwenda dukani. Nilivaa shati safi, la Shemeji.

Nikapanga foleni kama watu. Mashine inanguruma. Niliandaa maneno ya kuomba radhi, yamechekechwa, hakuna jirani wala mbwa. Zamu yangu ikafika. Nikautazama mkono wake. Mkono haukwenda popote. Nikasema maneno yangu yote, na mashine ikayameza yote, na nilipomaliza akainamisha sikio kidogo akauliza, "Nakala moja au mbili?"

Nikasema mbili.

Alipoingia stoo kuchukua karatasi, Kaka Mtu akatoka nyuma. Vidole vyeupe kwa vumbi la karatasi. Akaangalia kama dada yake yuko mbali. Akanisogelea, akainama juu ya kaunta kama mtu mwenye siri.

"Da-dada," akasema. "Dada a-a-ana..."

Nilisubiri. Mungu ni shahidi wangu, nilisubiri! Niliuma ulimi. Nilishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. "Anaku-ku-ku..." Macho yamefumba, kifua kimekaza. Anaku nini? Anaku nini?

"Ananichukia," nikasema.

Akatikisa kichwa. Akavuta pumzi, akaanza upya, tangu mwanzo, tangu "dada".

"Hataki nije tena," nikasema. "Ana mtu? Anaolewa? Niambie tu ukweli, naweza kuustahimili, ni huyu Pasi?"

Kaka Mtu akafumbua macho. Akatabasamu kidogo, akanipigapiga begani. Kisha akarudi nyuma kwenye waya zake. Bibie akatoka stoo na karatasi, akanipa nakala zangu, mbili, za pande zote.

Kutwa nzima nawaza alitaka kuniambia nini. Angesema upesi tu, sasa hivi ningejua.

Lakini sijakata tamaa. Kesho tunaingia somo la matatizo ya sauti, na Bibi Kioo ametoa zoezi jipya, na mimi nimo: siku nzima bila kutoa sauti, kwa ishara za mikono tu, mahali usipojulikana. Pasi ameshachagua posta. Mimi nitavaa kofia ya Shemeji na miwani yake ya jua, na nitakwenda duka la fotokopi. Nimeupiga hesabu mpango huu kila upande na hauna kasoro. Kama kwa kigugumizi alizima mashine, basi mtu asiyesema kabisa atamzimia mashine kutwa nzima.